Jirani wa Kwanza

Jumamosi, tarehe ishirini Novemba, mwaka 1723. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milimani ukalala bondeni, na kulipopambazuka ulikuwa bado haujanyanyuka. Mvua haikunyesha, lakini kila kitu kililowa: kuta, nyasi, pembe za ng'ombe. Pale ukungu ulipopasuka kidogo, theluji ya kwanza ilionekana vileleni. Ilikuwa baridi ile inayoanzia kwenye vidole vya miguu na kupanda polepole mpaka kifuani.

Katika nyumba ya Lanusse, mzee Arnaut alikuwa siku ya tatu kitandani pake, rozari mikononi, mshumaa uliobarikiwa ukiwaka kichwani. Alikuwa amekata roho alfajiri ya Alhamisi, kwa amani, baada ya kupokea sakramenti. Kifo chake hakikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa kumzika.

Domenja, binti yake mkubwa, alisimama dirishani akitazama lango la ua. Nje ya lango, juu ya mawe mawili, liliwekwa jeneza. Lilikuwa pale tangu kengele ya alfajiri, na hakuna mkono uliolisogelea.

Desturi ya bonde lile ilikuwa hivi. Nyumba inayopakana na yako upande wa kanisani ndiyo jirani wako wa kwanza. Humchagui, kama usivyomchagua ndugu wa tumbo moja. Ndiye anayekimbia kumwita mkunga mke wako akishikwa na uchungu. Ndiye anayekwenda kwenye mizinga kuwanong'oneza nyuki kwamba bwana wao amefariki. Ndiye anayeingiza jeneza ndani na kushika upande wa kichwa mpaka kaburini. Mtu aweza kugombana na ukoo mzima akaishi, lakini asiye na jirani wa kwanza hana nyumba. Ana kuta na moshi tu.

Jirani wa kwanza wa Lanusse alikuwa Peyrot wa Sarthou. Na Peyrot alikuwa hajawaambia nyuki. Alifika Alhamisi ileile, akasimama chini ya mchirizi wa paa bila kuvua kofia, akamuuliza mjane swali moja tu: Jumapili matangazo yatasomwa, au hayatasomwa? Peyrot akaenda zake.

Matangazo yenyewe yalikuwa ya ndoa ya Domenja. Jumapili mbili padri alikuwa ameyasoma madhabahuni: Domenja wa Lanusse, na Estebe, seremala. Jumapili ya kwanza kanisa zima lilikohoa. Jumapili ya pili wanawake walihama benchi, wakawaacha Domenja, mama yake na mdogo wake peke yao, kama kuku walioingiliwa na ugonjwa wa kideri. Kesho ingekuwa mara ya tatu na ya mwisho, na harusi ingefuata kabla ya Majilio, majuma ya kungoja Krismasi ambamo ndoa hazifungwi.

Seremala. Kijijini hapo neno hilo lilikuwa na neno jingine tumboni. Ndilo walilosema watu mbele ya padri walipotaka kusema Kagoti.

Makagoti walikaa ng'ambo ya kijito. Hakuna aliyejua kosa lao. Wengine walisema babu zao walikuwa na ukoma, wengine kwamba ndio waliochonga msalaba wa Bwana wetu. Lakini wote walikubaliana kwamba wananuka, kwamba nyasi hukauka wanapokanyaga bila viatu, kwamba masikio yao hayana ndewe, ile nyama laini ya chini. Walikuwa na kisima chao, na kanisani walikuwa na kijimlango chao ukutani, kifupi, ili wasiingie bila kuinama. Maji ya baraka walipewa kwa ncha ya fimbo. Kitu walichoruhusiwa kushika ni mbao, kwa kuwa mbao, walisema watu, haziambukizi. Basi waliezeka mapaa ya wote, wakachonga vitanda vya watoto wa wote, na majeneza ya wote.

Kiangazi cha mwaka juzi Estebe alikuja kutengeneza paa la ghala la Lanusse. Siku tatu Domenja alimpelekea maji, akayaacha chini ya ngazi kama alivyofundishwa. Siku ya nne hakuyaacha. Alibaki ameshika mtungi, akamwambia asogeze nywele.

"Nikuoneshe nini?" Estebe aliuliza kutoka juu.

"Ndewe."

Kijana alishuka ngazi mbili, akasukuma nywele nyuma ya sikio, kisha nyuma ya lile lingine. "Zipo mbili," alisema. "Zikipungua nitakuita tuzitafute."

Domenja alicheka. Kisha akaendelea kutazama, na sasa si masikio tena. Macho yao yalikutana yakachelewa kuachana. Hapo ndipo mambo yalipoanzia, na mahali hapo anapajua Mungu mwenyewe, kwa maana wao walikaa miezi kabla hawajathubutu kuliita jambo hilo kwa jina.

Mzee Arnaut alikataa nusu mwaka mzima. Domenja ndiye mtoto wa kwanza, na bondeni humo mtoto wa kwanza hurithi nyumba, awe wa kiume au wa kike. Mume huja kwake na kuchukua jina la nyumba. Mzee hakuweza kuwaza Lanusse ikiitwa nyumba ya Kagoti. Kisha mwishoni mwa kiangazi ugonjwa ukamlaza. Siku moja alimwita binti yake akasema kwamba amelala miezi miwili akitazama dari, na mtu akitazama dari muda mrefu huacha kuuliza nani aliyeichonga. Domenja aliubusu mkono wake, na wiki iliyofuata akaenda kwa padri.

Sasa mkono ule ulikuwa baridi.

"Mwanangu," alisema mama yake nyuma yake. Graciane alikuwa mwanamke mfupi, na msiba ulikuwa umemfupisha zaidi. "Baba yako ameanza kubadilika."

"Najua, mama."

"Kesho Jumapili hawazikwi watu. Tukingoja Jumatatu..." Alinyoosha pembe ya shuka iliyokuwa imenyooka tayari. "Toka nje umwambie Peyrot yasisomwe. Maneno mawili tu. Sikukatazi kumpenda. Mpende moyoni, moyo anauona Mungu peke yake. Kwani mimi niliolewa na niliyemtaka?"

Domenja aligeuka. "Hukumtaka baba?"

"Nilimtaka baadaye." Graciane aliutazama uso wa mumewe. "Baadaye huwa inakuja, Domenja. Ukiwa na moto, na mkate, na watu wa kukuzika, baadaye huja yenyewe."

Pembeni ya kitanda Saubade, mdogo wa Domenja, wa miaka kumi na saba, alikuwa anasali Salamu Maria ileile bila kufika mwisho wake. Domenja aliinama akambusu baba yake kipajini. Moyoni aliomba kwa maneno machache, kwa sababu mengi yalikataa kuja: Ee Bwana, wewe uliyezikwa katika kaburi la mtu mwingine, mtafutie baba yangu njia ya kufika kwenye lake. Kisha akajitanda ushungi mweusi, akatoka.

Uani walikuwapo wanaume kama kumi wa nyumba za jirani, wamesimama pamoja, mikono makwapani. Peyrot alikuwa mbele yao. Walipomwona Domenja anakwenda langoni, mmoja wao alisema kwamba bibi harusi anakwenda kupokea mahari yake. Wengine walicheka ndani ya ndevu. Peyrot aliwageukia, wakanyamaza. Hakuwa mtu mbaya. Domenja alipokuwa mdogo, Peyrot alimbeba mabegani kila sikukuu ya mtakatifu wa kijiji ili aone maandamano, na ndiye aliyemfundisha kuita kondoo kwa mluzi. Hilo ndilo lililouma. Mtu mbaya unamwombea Mungu amsamehe, ukapita; mtu mwema unamfanyaje?

Estebe alikuwa nje ya lango pamoja na mjomba wake Guilhamet. Kwa desturi walitakiwa wawe wameshaondoka. Jeneza lilifunikwa koti la Estebe, naye mwenyewe alisimama na shati tu, mabega yamelowa.

"Mbona hukuondoka?" Domenja alimuuliza kwa sauti ndogo.

"Ukungu unalowesha mbao. Nilisema nitaondoka akitokea wa kuliingiza."

"Hukulala."

"Hata wewe." Alijaribu kutabasamu. "Nimepiga randa hadi upande wa ndani. Mjomba amenicheka, eti maiti hachomwi na kibanzi. Nikamwambia, huyu ni mkwe wangu." Alishusha macho. "Basi. Nimelipiga randa."

Domenja aliweka kiganja juu ya koti lile lililolowa. Kati ya vidole vyake na vya Estebe palikuwa na upana wa ubao mmoja, na wanaume kumi walikuwa wanaupima kwa macho.

"Wanataka niseme yasisomwe," alisema.

"Najua."

"Nikisema?"

"Sema." Estebe alimtazama, na mtazamo wake haukuwa na lawama hata chembe; afadhali ungekuwa nayo. "Nimeshakusamehe. Tangu alfajiri nimesimama hapa nafanya mazoezi. Mara ya kwanza haikutoka vizuri, lakini sasa inatoka."

"Estebe."

"Baba mtu hazikwi mara mbili, Domenja. Mimi nitakuwepo. Utaniona kila Jumapili."

"Nikuone umeinama mlangoni na mke mwingine. Nani? Binamu yako?"

"Huenda. Si wanasema tunaoana wenyewe kwa wenyewe kama sungura wa kizimba?" Alisema kama mzaha, lakini sauti ilimkatikia katikati.

Mzee Guilhamet alikohoa. Alimwambia Domenja kwamba wao wamezoea, na aliyezoea haumii sana. Ila mtu akiingia kwenye jambo hili ukubwani hulia kila siku, na yeye ameona. Alimwita binti yangu. Kisha, kama mtu aliyekanyaga mahali pasipo pake, akajisahihisha, akasema dada wa Lanusse.

Estebe hakungoja zaidi. Alivua kofia, akasogea hadi kwenye nguzo ya lango, asiivuke, akapaza sauti.

"Bwana Peyrot. Mimi mwenyewe nitakwenda kwa padri sasa hivi. Nitamwambia nimeiacha ndoa hii. Simtaki. Mwenye kosa ni mimi, si nyumba ya Lanusse. Mchukueni mzee akapumzike."

Alisema "simtaki" akitazama chini. Mikono yake ilikuwa inaikunja kofia kama nguo ya kukamua. Domenja alimtazama mtu yule akiutoa moyo wake mwenyewe na kuuweka njiani mbele ya watu ili wengine wapite, na alifahamu kwamba hakuna mwanamke bondeni mle aliyewahi kupendwa hivyo.

Peyrot alijibu bila ukali, kama anayemweleza mtoto. "Wewe unajua sheria ya kale, seremala. Neno la Kagoti si ushahidi. Wanatakiwa saba ili liwe sawa na neno la mtu mmoja." Aliwatazama yeye na mjomba wake. "Ninyi mko wawili."

"Wamepungua watano," alisema yule mcheshi wa nyuma. "Wangoje wakaite shangazi zao."

Safari hii walicheka waziwazi. Estebe alibaki amesimama na kofia yake, sadaka yake imerudishwa mkononi kama sarafu bandia. Hakukasirika. Aliinamisha kichwa, akakubali, kama alivyokubali kijimlango na fimbo ya maji ya baraka tangu utotoni. Domenja alikiona kichwa kile kinavyoinama. Kilikuwa kimezoea njia.

Kitu fulani ndani yake kilitulia. Alijitenga na jeneza, akatembea hadi katikati ya ua. Graciane alikuwa ametoka kizingitini, Saubade amemshika mkono.

"Bwana Peyrot," alisema Domenja, "neno langu mimi ni la watu wangapi?"

"La mtu mmoja mzima, mwanangu. Ndiyo maana tunalingoja."

"Na nikiolewa naye?"

Peyrot aligeuza macho kando.

"Nitakuwa na sehemu moja ya saba," alisema Domenja. "Basi acha nilitumie leo, likingali zima. Mnaogopa nyumba. Mnasema jina la Lanusse litachafuka, na mkibeba jeneza la Lanusse mtakuwa mmebeba la Kagoti. Sawa. Mbele yenu ninyi nyote naitoa nyumba hii mikononi mwangu. Ardhi, kondoo, benchi la kanisani, kaburi, na jina. Nampa mdogo wangu Saubade. Kuanzia sasa yeye ndiye Lanusse. Mimi si mtu wa hapa. Nyumba haina doa. Mzee wa nyumba hii anangoja jirani wake wa kwanza."

Saubade alitoa sauti ndogo, akaficha uso begani kwa mama yake. Ng'ombe mmoja alikohoa zizini.

Peyrot alikuwa na umri wa miaka sitini na hajawahi kusikia mrithi akiivua nyumba kama mtu anavyovua viatu. Alimsogelea, akamuuliza kwa sauti ya chini kama anajua anachotupa. Kaburi la mababu. Haki ya malisho ya mlimani. Kwamba atakapokufa atalazwa upande wa kaskazini wa makaburi, wanakozikwa Makagoti, kusikofika jua.

"Najua."

"Ndivyo unavyotaka, Domenja?"

"Nilivitaka vyote viwili, baba Peyrot. Nyumba na yeye. Nilisali hivyo mwaka mzima. Mmeniachia kimoja."

Peyrot alipangusa uso kwa mkono wazi. Labda ulikuwa ukungu. Angetosheka, na alikuwa ameshageuka kuwaita wenzake waende kwenye jeneza, lakini yule wa nyuma, ambaye sasa hakuwa anacheka, alisema kwamba jina ni kitu kimoja na sufuria ni kitu kingine. Keshokutwa msichana atakumbuka supu ya mama yake. Ataingia jikoni, ataota moto, atachovya mkate kwenye bakuli la wote, na baadaye ataleta watoto. Hapo nyumba itakuwa imerudi kulekule, na wao watakuwa wamedanganywa. Wengine wakaitikia. Ni kweli. Lazima aape.

"Hapana," alisema Graciane kutoka kizingitini. "Inatosha. Ametoa nyumba. Mwacheni."

"Mama Graciane," alisema Peyrot, na sauti yake ilikuwa imechoka, "wakibaki na shaka hawatabeba. Mimi peke yangu siwezi kumbeba Arnaut."

Graciane alishuka kizingitini. Alimfikia binti yake, akamshika mashavu kwa viganja viwili kama alivyokuwa akimshika alipokuwa na homa. Alimwambia kwa kunong'ona asiseme. Waingie ndani wote, wafunge mlango, wangoje, Mungu hatamwacha Arnaut. Lakini hata yeye alikuwa anasikia harufu iliyoanza kutoka chumbani, na macho yake yalikuwa yanakwenda mlangoni na kurudi. Domenja aliyaona macho hayo. Yalikuwa yanamwomba asiseme, na yalikuwa yanamwomba aseme.

Alivishika viganja vya mama yake, akavibusu kimoja kimoja, akavishusha.

Nje ya lango Estebe alikuwa amepiga magoti kwenye matope. Hakuna aliyemwambia apige magoti. Alitikisa kichwa kumkataza, polepole, mara nyingi, midomo yake ikisema jina lake bila sauti. Domenja alimtazama kwa muda mrefu, mtazamo wa mtu anayejua kwamba hatakuwa tena na kingine cha kutazama duniani, na kwamba kitamtosha, ingawa hakitamtosha kila siku.

Peyrot alivua kofia. Mmoja baada ya mwingine wanaume wale wakavua zao. Domenja alifanya ishara ya msalaba, akamgeukia mama yake, akasema kwa sauti iliyofika mpaka ng'ambo ya lango:

"Mimi Domenja, binti wa Arnaut na Graciane, naahidi mbele yenu majirani, na mbele ya baba yangu ambaye bado yumo ndani. Akishavuka lango hili leo, mimi nikiwa nyuma yake, sitalivuka tena kurudi. Sitaota moto wa nyumba hii wala kula mkate wake, wala watoto wangu, Mungu akinijalia. Na wewe, mama, nikikukuta njiani nitakupisha, nitakuamkia macho yakiwa chini, kama wanavyokuamkia watu wa ng'ambo ya kijito. Sitakuita mama tena, mpaka siku utakayoniita wewe kwanza mwanangu."